Dau la Theluji

Juzi, kwenye maegesho ya nyumba zetu hapa Eagan, ughaibuni, nilimkuta jirani yangu Mkenya, karani mstaafu wa mahakama, akifukua theluji kwenye gari lisilo lake.

Gari ni la mama Mkongo wa ghorofa ya pili. Oktoba walibishana: mama alisema theluji itaanguka kabla ya Novemba, mzee akasema haitaanguka. Wakawekeana dau kwamba atakayeshindwa atamfukulia mwenzake gari msimu mzima. Theluji ikaanguka siku tatu baadaye.

Mama akatoka, kitenge juu ya jaketi. "Papa," akamwita mzee kwa heshima ya Kikongo, "acha. Ilikuwa mchezo tu."

Mzee akaegemea koleo. "Ile sheria ya Waingereza tuliyorithi Kenya ilisema korti haimlazimishi mtu kulipa dau. Wangapi waliokuja kudai dau nimewarudisha pale kaunta."

"Basi uko huru."

"Kortini, ndiyo." Akapangusa kioo cha mbele taratibu kwa glavu. "Lakini neno nilikupa wewe, sikuipa korti."

Nilipofika nyumbani nilisoma kwamba Waingereza wenyewe wameshaifuta sheria hiyo, baada ya kukaa nayo zaidi ya karne moja na nusu. Sikumwambia. Sheria hiyo haikumfunga wala kumfungua.

Theluji ilipoanguka tena nilishuka na koleo langu nimsaidie. Alininyooshea kiganja kama askari wa barabarani.

"Weka chini, bwana. Aliyeshindwa ni mimi."

Sijawahi kuona mtu akijivunia kushindwa namna ile, na mimi nikajivunia kuwa jirani yake.