Hatua Alizozijua Baba Mkwe

Siwezi kuisimulia ile kliniki yetu ya magonjwa ya akili nikiwa nimetulia. Hata sasa nikiikumbuka, vidole vya miguu vinaanza kucheza ndani ya viatu.

Ilikuwa vyumba viwili na kibaraza cha saruji nyuma ya wodi ya wazazi. Wafanyakazi walikuwa watatu, kila mmoja na alikotokea. Daktari alikuwa kijana wa pwani, katoka chuo juzi, fundi wa sindano. Mhudumu zamani alikuwa mpima mpunga wa chama cha ushirika. Soko huria lilipoingia, wanunuzi wakaja na mizani yao, akakosa kazi, ndipo hospitali ikamchukua. Ujuzi wake ulikuwa kumshika mgonjwa aliyechachamaa bila kumuumiza, maana, alisema, gunia ukilikaba linapasuka. Wa tatu alikuwa muuguzi mzee aliyesomea magonjwa ya akili Dodoma. Watu walitoka Ngana na Njisi kuja kukaa mbele yake tu, waongee.

Mimi sikuwahi kukaa mbele yake. Alikuwa baba mkwe wangu, na kwetu Wanyakyusa mke hamtazami baba mkwe wala hasemi naye. Nikimsikia anakuja, naingia migombani. Yeye akinisikia, anageuza njia. Tuliishi hivyo miaka saba, nje kidogo ya mji wa Kyela, nyumba zetu zikipakana.

Nilipojifungua mtoto wa pili nikaanza kusikia watu wakiniita kutoka mashamba ya mpunga, na watu wenyewe hawapo. Nikapelekwa kliniki siku ambayo mzee hakuwa zamu. Kijana akanichoma sindano, na baada ya siku chache sauti zikanyamaza. Nilifurahi, jamani! Ndipo miguu ikaanza. Nikikaa, inaniinua. Nikisimama, inanitembeza. Mtoto nikimweka ziwani, kabla hajameza mara tatu nimeshainuka, analia, nami nalia. Mawifi wakasema ugonjwa umekomaa: nirudishwe kwetu Ipinda, mtoto abaki. Mume wangu hakusema ndiyo wala hapana, na nilimchukia kwa hilo.

Nikarudishwa kliniki. Kijana aliniangalia ninavyozunguka kibarazani, huku na huko, huku na huko, akavuta dawa nyingi zaidi kwenye bomba. Wanasema mwenye macho haambiwi tazama. Yule alikuwa na macho mawili na tochi juu yake, na hakuona kitu.

Mara sauti ya mzee ikatoka stoo ya mafaili. Alikuwa amepita kuchukua faili moja, akanisikia nafika, akajifungia humo.

"Mhudumu, hebu muulize huyo mama. Ni mawazo yanayomwinua, au ni miguu?"

Ukuta ulikuwa wa mbao, nilisikia kila neno. Hata hivyo mhudumu alikuja kunirudia yote, kwa adabu ya mshenga.

"Mwambie ni miguu," nikasema. "Kichwa ni kizima. Mwambie wataninyang'anya mtoto."

Mhudumu akageuka kupeleka jibu. Kijana uvumilivu ukamwishia.

"Mzee, si uje umwone mwenyewe?"

"Siwezi, daktari. Huyo ni mkwe wangu. Lakini miaka saba nasikiliza hatua zake ili nimpishe. Anatanguliza kisigino, anatua polepole. Hizo unazozisikia hapo si hatua zake, ni za dawa. Weka sindano chini. Mpe vidonge vya kutuliza miguu."

Kijana akaweka sindano chini. Kisha, na hili nimsifu, akafungua kabati.

Siku ya tatu nilikaa mkekani mchana kweupe, mtoto akanyonya mpaka ziwa likamtoka mdomoni kwa usingizi. Mawifi walipita mara mbili kuchungulia. Niliwakaribisha bila kuinuka.

Nilitaka kushukuru. Ndaga, yaani asante, ni neno dogo, kila mtu kwetu analisema kutwa nzima, lakini kwa yule mzee sikuwa na ruhusa nalo. Zamani nikipita nyuma ya nyumba yake sikuwaza hatua zangu. Tangu siku ile nikawa natanguliza kisigino makusudi, nakanyaga hasa, polepole, mpaka nimsikie humo ndani akikohoa mara moja.