Shimo Nyuma ya Bega la Kulia

Mama mkwe ndiye aliyeliona kwanza, au ndivyo nilivyodhani. Nilikuwa nimeinama uani kwake, huko juu migombani, ananifungia mtoto mgongoni kwa kitenge. Mtoto akalalia kulia. Mama akamweka sawa, mtoto akalalia tena kulia. Nikasikia kidole kinazama nyuma ya bega langu.

"Mwanangu, hapa nyama imekwenda wapi?"

"Nyama gani, mama?"

"Kushoto ipo. Kulia pana shimo, mtu anaweza kuwekea chumvi." Akacheka, kisha akaacha kucheka.

Halikuwa linauma. Hilo ndilo linalonitia wazimu mpaka leo. Mkono ulikuwa unachoka tu, mpira wa wavu nikiupiga kiwanjani unavuka kama umetupwa na mtoto. Kocha akasema huo ni uvivu wa uzazi, niongeze mazoezi. Nikaongeza. Mwanangu analia kwenye beseni pembeni ya kiwanja, mimi napiga mpira.

Hospitalini mtaalamu wa viungo alinigeuza, akatazama mara moja.

"Mshipa wa fahamu umebanwa, msuli unakufa. Hili huwapata wanaopiga sana mpira wa wavu. Acha kupiga sasa hivi. Ukiendelea, msuli huo unaweza usirudi."

Nikamwambia Jumamosi kuna mchujo wa timu ya kwenda Dar. Akasema, "Na mtoto utambeba na nini?"

Moshi hatuna bahari. Mchanga wetu pale Njoro ulikuja na lori kutoka mtoni, umejaa vijiwe, tukauchekecha kwa mikono yetu, mimi na mwenzangu. Mchezo wa mchangani ni wa watu wawili tu. Mmoja akitoka, wa pili hana timu. Mwenzangu akianzisha mpira, mimi nasimama wavuni nimempa mgongo, mikono nimeiweka nyuma, namwonyesha kwa vidole nitazuia upande gani, kila mkono kwa mpinzani mmoja. Kidole kimoja, mpira wa mstarini. Viwili, wa mshazari. Ngumi, sizuii.

Niko njiani narudi nyumbani kutoka hospitali ndipo ikanijia. Mgongo! Miezi yote hii ameutazama mgongo wangu, tena na zile fulana zetu zisizo na mikono.

Jumamosi asubuhi nilimkuta anakaza kamba za wavu.

"Ulikuwa unaliona?"

"Nini?"

"Usinifanye mjinga. Shimo."

Akaendelea na kamba. "Tangu uliporudi kutoka uzazi. Ningekwambia ungeacha."

"Ndiyo, ningeacha!"

"Na mimi ningecheza na nani, shosti? Na mbuzi?"

Wasichana waliokuwa karibu wakacheka, hawakujua tunaongea nini. Nilitaka kumpiga kofi, na mkono wa kumpigia ndio huo huo.

Bado nikaingia kiwanjani. Nimemaliza kidato cha nne sina kazi, sina cheti cha maana. Kitu pekee ambacho watu wamewahi kunishangilia ni hicho. Mama mkwe alikuwa ameketi pembeni na mtoto, mtoto ananinyooshea mikono nimchukue. Mpira wa kwanza ulikuwa wa mwenzangu kuanzisha. Nikasimama wavuni, nikapeleka mikono nyuma. Ngumi kushoto. Ngumi kulia.

Refa akapuliza filimbi. Mpira haukuja. Akapuliza tena.

Sikugeuka. Nilitaka mwenzangu alitazame shimo vizuri.