Siku ya Kuchimba Faga

Ilikuwa Ijumaa, mwezi wa pili, saa nane na nusu mchana, tuliposhuka garini jangwani, mbali na Riyadh. Mvua ilikuwa imenyesha na mchanga umeota majani mafupi. Tulikuwa mimi, madam wangu, dada yake aliyekuja kutoka Jeddah, na mfanyakazi wa huyo dada, mama wa Kwale aliyekuwa akiniita mdogo wangu. Pasi yangu inasema nina miaka ishirini na tano, maana wakala aliniongezea. Nina kumi na nane. Kazi yangu siku hiyo ilikuwa moja tu: kumwangalia binti wa madam, wa miaka minne.

Tulitafuta faga, uyoga unaokaa chini ya ardhi kama kiazi. Unatembea umeinama, ukiona udongo umepasuka unachokora kwa kijiti. Familia nyingine nazo zilikuwa zimetapakaa hapo hapo, na vijana walikuwa wakikimbiza magari juu ya vilima vya mchanga.

"Yalla, mdogo wangu, tuone macho ya form four," mama wa Kwale akanitania. "Au mlifundishwa kuona ubao tu?"

Nikaona ufa. Nikapiga magoti, nikachimba, likatoka faga kubwa kama ngumi. Nikageuka kumwonyesha mtoto.

Hayupo.

Nikamwendea madam haraka, na aliyeinua uso hakuwa madam. Nikaenda kwa mwingine. Siye. Wote wamevaa abaya, mabuibui meusi, wote wameinama, migongo yote sawa. Hata mimi nilikuwa vivyo hivyo. Hapo nikaelewa: mtoto wa kimo kile hafuati uso, anafuata pindo.

"Mtoto yuko wapi?" mama wa Kwale akauliza.

"Si yuko na madam?"

"Madam yule pale peke yake! Mwite mtoto, unangoja nini?"

Shuleni nikiambiwa nisome mbele ya darasa, sauti yangu ilikuwa haifiki dawati la pili. Madam mwenyewe namjibu kwa kichwa. Gari moja likapita kwa kasi nyuma ya kilima, nikafungua mdomo, hakikutoka kitu. Likapita la pili. Hapo nikapiga kelele jina lake, tena na tena, mpaka wanawake wote wakasimama wima.

Mbali kule, mtoto alikuwa ameshika abaya ya mama asiyemjua. Akainua macho, akauona ule uso, akaanza kulia. Nilikimbia nikaanguka, nikaamka, nikamkumbatia.

Madam alimchukua mikononi mwangu, akampapasa kichwa mpaka miguu.

"Kumbe ana sauti!" dada yake akacheka. Madam hakucheka, akambeba mtoto hadi garini. Faga nililiacha kule.

Asubuhi yake, kabla ya kuchemsha chai, nilikata pindo la leso yangu ya manjano, nikalishona nyuma ya abaya yangu, chini kabisa. Nikajichoma sindano mara mbili. Kisha nikaivaa, nikamwita mtoto aje alishike.