Goli la Ndani ya Ukungu

Kila mwaka, Agosti inapoelekea ukingoni, vyuo vya ukanda wa mlima hukutana kwa mechi za Jumamosi na Jumapili, na kila mwaka Redempta huomba zamu yake ibadilishwe mapema. Kazi yake ni kufua mashuka hospitalini, mjini Moshi. Wenzake wameshamzoea. Wakimwona tu anakunja kitambaa cha kijani cha timu yake na kukitia kwenye mkoba, wanajua wikiendi hiyo hawatampata.

Chuo chake ni Chuo cha Kilimo Kirosha, kule juu Kibosho, ingawa hakusoma hapo hata siku moja. Alikuwa dobi wa chuo kwa miaka kumi na moja kabla ya kushuka mjini. Majezi ya timu yalipita mikononi mwake kila Jumatatu, na kwa udongo tu aliweza kusema nani alianguka upande gani, golikipa aliruka mara ngapi, nani alisimama tu dakika zote tisini. Mechi zenyewe hakuziona, maana Jumamosi ilikuwa siku ya mashuka ya bweni. Alizisikia akiwa nyuma ya jiko, kelele zikipanda na kushuka na upepo. Labda ndiyo maana hadi leo, na miaka yake hamsini na sita, akikaa pembeni mwa uwanja ule hujiona kama mtu aliyefunguliwa mlango akaingia kwenye ndoto aliyozoea kuisikia nyuma ya ukuta.

Huenda na marafiki wawili. Adija ni jirani yake wa mtaa wa Mawenzi, fundi cherehani asiyejua sheria hata moja ya mpira, lakini asiyekosa mechi. Denis ni fundi wa matrekta kwenye mashamba ya miwa, naye ndiye mwenye pikapu. Aliwahi kusoma Kirosha mwaka mmoja, akaacha, na mapenzi yake kwa timu yana uchungu fulani ndani yake.

Jumamosi hiyo walipanda mapema. Sufuria la machalari, ndizi mshare zilizopikwa na nyama, lilifungwa kwa blanketi lisipoe. Nyama walinunua kwenye bucha ya Sadallah, Mwislamu mwenzake Adija, ili naye ale kwa amani. Walipofika walirudisha pikapu kinyumenyume hadi kwenye majani ya pembeni mwa uwanja, wakashusha bodi ya nyuma ikawa meza, Denis akawasha jiko la mkaa. Magari mengine yalikuwa yamejipanga hivyo hivyo, kila moja na moshi wake, na moshi wote ulipanda wima, bila haraka, mpaka ukapotea kwenye mawingu.

Nusu fainali ilikuwa kati ya Kirosha na chuo cha ualimu kutoka Rombo. Hadi dakika ya themanini walikuwa sare, bao moja kwa moja. Hapo ukungu ukashuka.

Haukuja kwa ghafla. Ulianza kwenye migomba ya juu, ukaimeza, ukashika goli la kaskazini, kisha wachezaji mmoja mmoja. Redempta aliona majezi meupe ya Rombo yakielea bila miguu, kama mashuka kwenye kamba asubuhi ya baridi. Refa akapiga filimbi, akasimamisha mchezo, na uwanja mzima ukanyamaza.

Walikaa hivyo karibu nusu saa. Sauti zilikuja bila wenyewe: mtu akikohoa, mtu akicheka, kikombe kikigonga kikombe. Katikati ya weupe ule akatokea mama mmoja aliyejifunga kitenge cheupe kichwani.

"Samahanini," alisema. "Nimefuata harufu. Mimi ni Yuditha, nimetoka mjini Mkuu. Gari letu liko upande ule, lakini sasa sijui upande ule ni upi."

"Kaa hapa, dada," Redempta akasema, akimsogezea nafasi juu ya bodi. "Ukungu ukiondoka gari lako utaliona."

"Lakini mimi ni wa Rombo."

"Hata Rombo wanakula," Adija akamjibu, akampakulia.

Wakala pamoja. Yuditha akawaambia binti yake anasomea ualimu mwaka wa mwisho, na kwamba huu ulikuwa mpira wake wa kwanza kuutazama maishani, na sasa hata huo hauonekani. Wakacheka wote, hata Denis. Redempta alikuwa na joto la sahani mapajani na baridi usoni, akawaza kwamba pengine watu waliokwisha kufa hukaa hivi, karibu karibu, wakisikiana.

Ukungu ulipopungua kiasi cha kuona katikati ya uwanja, refa akarudisha mpira mchezoni. Pikapu yao ilikuwa nyuma kidogo ya goli la Kirosha, kwa hiyo Redempta aliona zaidi ya wengi, ingawa naye aliona kama anayetazama ndani ya maji. Mshambuliaji wa Rombo alipiga kwa mbali. Mpira ukagonga mwamba wa juu, ukadunda chini, ukarudi, na golikipa wa Kirosha, kijana mrefu aitwaye Given, akaudaka na kuukumbatia kifuani.

Rombo wakanyanyua mikono. Refa alikuwa mbali, akatazama mshika kibendera, naye akatikisa kichwa: hakuona kitu. Refa akaashiria mchezo uendelee.

Given hakuupiga mpira. Alisimama nao. Kisha akatembea, taratibu, mpaka kwa refa, akamkabidhi mpira mkononi.

"Uliingia," alisema. Kwa kimya kilichokuwepo, hata waliokuwa nyuma ya goli walimsikia. "Ulidundia ndani ya mstari."

Mechi ikaisha mbili kwa moja. Kirosha walikuwa wametolewa.

Denis aliingia kwenye gari, akafunga mlango, akakaa na mikono juu ya usukani. Yuditha alimshika Redempta bega, akaenda zake kutafuta gari lake. Redempta akapakua sahani ya machalari yaliyobaki, akaifunika, akavuka majani yaliyolowa hadi kwenye benchi, ambako Given alikuwa amekaa peke yake akifungua kamba za viatu. Wenzake walikuwa wameshaondoka bila kumsubiri.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kula."

Aliipokea sahani lakini hakula.

"Wamekasirika sana," alisema. "Kapteni ameniuliza nani alinituma."

"Na wewe umemjibuje?"

"Nimemwambia hakuna." Akaiweka sahani mapajani. "Niliuona mimi peke yangu, mama. Ningenyamaza, ningebaki nao mimi peke yangu. Nimeona ni mzigo wa kubeba muda mrefu."

Redempta alitazama jezi yake. Kiwiko cha kulia kilikuwa cheusi kwa udongo, na ubavu wote. Alikuwa ameruka vizuri. Alimwambia hivyo, basi, na alipogeuka kuondoka alisikia kijiko kikigusa sahani.

Jumapili kulikuwa na mechi ya mshindi wa tatu, ambayo huwa haina watu. Denis alisema haendi. Redempta akamwambia sawa, yeye na Adija watapanda boda. Saa tatu asubuhi pikapu ikapiga honi nje ya mlango.

Mlima ulikuwa wazi kabisa siku hiyo, theluji yake imekaa juu ya migomba kama kitu ambacho mtu angeweza kukifikia kwa mkono. Magari yalikuwa manne tu. Timu ilipoingia, watu hawakupiga makofi sana, na Given alitembea wa mwisho, macho chini. Dakika ya tano akaudaka mpira wake wa kwanza, mpira mwepesi tu wa kudaka kwa mikono miwili. Denis akaegemea honi ya gari. Akaiegemea muda mrefu, mpaka kapteni mwenyewe akageuka kutazama. Kisha akarudi kwenye jiko lake kugeuza nyama, hakumtazama mtu.

Kipindi cha pili jua lilikolea. Redempta alipanda nyuma ya pikapu, akalalia blanketi la sufuria, akawa anausikia mpira badala ya kuutazama: mguu kwenye ngozi, filimbi, kelele zikipanda na kushuka na upepo. Hakujua saa ngapi usingizi ulimchukua. Alipofumbua macho, Adija alikuwa ameketi kando yake akimkinga jua kwa khanga.

"Tumeshinda?"

"Tumeshinda. Moja bila."

"Kafunga nani?"

"Yule mfupi wa pembeni. Alipigiwa mpira mrefu kutoka golini kwetu, akakimbia nao, akawapita wawili, sijui watatu."

"Ni Given aliyempigia?"

"Ndiye."

Redempta akafumba macho tena.

"Hebu nielezee upya," alisema. "Polepole. Anzia pale Given alipoushika."

Adija, asiyejua sheria hata moja ya mpira, akajiweka sawa, akaanza.