Upande Asiouona Tito

Mfupa wa mtulinga ukivunjika haupigi kelele nyingi. Hulia mara moja, kama kijiti kikavu kinapovunjwa gotini, kisha kinachosikika ni mtu. Niliusikia Jumamosi moja asubuhi pale Katonga, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, dagaa wakiwa wamekwisha kuanikwa mchangani na harufu yao imepanda mpaka barabarani, harufu ambayo mgeni huizibia pua na sisi wenyewe hututia njaa. Mfupa ulikuwa wa Jumanne, mvulana wa Buzebazeba mwenye miaka kumi na minne. Aliyeuvunja ni mimi, Leokadia. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu na mabega yaliyokomaa kwa kubeba mabeseni ya dagaa, na kama ungeniuliza dakika ile ningekuambia nimefanya vizuri.

Mchezo wenyewe, mpira wa Kimarekani, aliuleta Nestori, kijana wa familia ya Kirundi iliyolowea Buzebazeba tangu enzi za babu yake. Shangazi yake alimchukua Marekani akiwa mdogo, akasoma huko, kisha akarudi kumuuguza mama yake. Katika begi lake mlikuwa na mpira uliochongoka huku na huku, nasi hatukuchelewa kuubatiza: papai. Nestori alitukusanya watoto wa Katonga na wa Buzebazeba, akachora mistari mchangani kwa kisigino, mbali na dagaa ili mama zetu wasitupige. Kabla hatujagusa papai alitufundisha kwa mise, zile kokwa nyeusi za mchikichi. Mise zilikuwa washambuliaji, kokoto walinzi. Washambuliaji wana majaribio manne ya kusogea hatua kumi. Wakishindwa, mpira unakwenda kwa wenzao. Mise tano mbele ni ukuta. Nyuma ya ukuta anasimama mrushaji, na pembeni yake mkimbiaji anayeweza kupewa mpira au kusingiziwa amepewa, ili kokoto zimkimbilie bure huku papai likipaa kwingine. Kokoto nazo zina uamuzi wao: zirudi nyuma kuwalinda wadakaji, au zije zote kwa mrushaji na kumvunja kabla hajarusha. "Kuvunja" lilikuwa neno la Nestori mwenyewe, na alilitamka akitabasamu.

Alituambia kwamba huko Marekani wanavaa kofia ngumu na magamba mabegani. Sisi tulivaa kaptura. Wiki ya kwanza tuliokota meno mawili mchangani, moja la Ezekieli, aliyekuwa katikati ya ukuta wetu na ndiye aliyempa mrushaji mpira kuanzisha kila jaribio, na la pili hatukumjua mwenyewe. Midomo ilipasuka, magoti yakachunika mpaka nyama ikapauka kwa chumvi ya dagaa. Nikisema tuliogopa nitakuwa mwongo. Tuliupenda mno. Nyumbani na shuleni mtoto hupigwa tu. Pale mtoto aliruhusiwa kupiga, na mtu mzima alikuwa kando akishangilia. Mimi niliipenda ile sekunde ya kumwingia mtu kifuani na kusikia pumzi yote ikimtoka. Nilikuwa nikienda kulala nikiwa nimevimba na nimeridhika.

Mrushaji wetu wa Katonga alikuwa mdogo wangu Tito, miaka kumi na mmoja, mwembamba, mwenye mkono ambao mfano wake haujawahi kuonekana ufukweni pale. Alikuwa amekua akifukuza kunguru kwenye dagaa kwa mawe, na kunguru aliyelengwa na Tito hakurudi. Lakini jicho lake la kushoto lilikuwa limekufa tangu surua ya utotoni. Alibaki na moja. Nestori alipogundua hakumwondoa. Aliniweka mimi kushoto kabisa mwa ukuta. "Leokadia," aliniambia, "upande huu yeye haoni. Wewe ndiye jicho." Mama alipopata habari hakunifundisha mbinu yoyote. Alinivuta sikio, akasema: "Ana jicho moja. Likiharibika, utamshika mkono kumwongoza mpaka nife, na nikishakufa utaendelea."

Mechi ya kwanza dhidi ya Buzebazeba, Jumanne alisimama mbele yangu. Alikuwa mrefu kuliko mimi, mwepesi, na kabla ya kila jaribio aliiweka mikono yake magotini akanitazama viganjani. Hiyo ilikuwa elimu ya Nestori kwa walinzi: uso hudanganya, mabega hudanganya, mikono haidanganyi. Jaribio la tatu alinipita kama mlango ulioachwa wazi. Nilisikia Tito akianguka. Vidole vya Jumanne vilikuwa vimemwingia usoni, upande wa kulia. Siku mbili Tito alikaa nyumbani akiwa amefungwa kitambaa, anapapasa ukuta kutafuta mlango. Siku ya tatu uvimbe ulishuka, akaiona sahani yake ya ugali, akacheka. Mimi nilitoka nje nikalia kwa hasira, na hasira hiyo niliilea wiki nzima kama mtu anavyolea kifaranga.

Tito alikataa kuacha. Nestori akapanga upya: mkimbiaji akae karibu amsaidie Leokadia, Tito arushe haraka, mpira mfupi, asingoje. Tulijaribu, na Jumanne, ambaye alikuja kutuchungulia bila aibu, alicheka tu. Ndipo Nestori akatuambia jambo lililoniingia kichwani likakaa. Mshambuliaji hana nguvu kuliko mlinzi, alisema. Mali yake ni moja tu, anajua mpira utaondoka lini, na mlinzi hajui. Jioni hiyo nilitumwa kupeleka dagaa kwa Bibi Mwamvua, bibi yake Jumanne aliyemlea. Nikamkuta Jumanne mlangoni akimsalimia jirani. Sisi Waha hatusalimiani kwa kupita. Tunainama kidogo, tunakutanisha viganja, tunapiga makofi taratibu huku tukiulizana habari za nyumba na watoto, na mwenzio hujibu kwa makofi hayo hayo. Jumanne alifanya yote bila kuruka hata moja. Mtoto aliyelelewa vizuri haambiwi ajibu salamu. Viganja vyenyewe hukutana. Nilisimama pale na beseni kichwani nikimtazama mikono.

Jumamosi ile, katika mechi ya marudiano, tulifika jaribio la nne, hatua tano zimebaki, na Tito alikuwa ameshaangushwa mara mbili. Nilikuwa nimewaambia wawili tu, Ezekieli na Tito: mpira uondoke kwenye kofi langu la tatu. Jumanne aliinama mbele yangu, macho kwenye mikono yangu kama alivyofundishwa. Nikakutanisha viganja.

"Mwakeye, Jumanne," nikasema, salamu yetu ya asubuhi, kwa upole kabisa, nikapiga la kwanza.

Niliona anashangaa. Kisha niliona adabu inamshinda. Kidevu kilishuka, mikono ikatoka magotini, viganja vikakutana. "Mwakeye," akajibu. Nikapiga la pili, naye akapiga. Nikapiga la tatu na papo hapo nikamwingia chini ya kwapa kwa bega na uzito wangu wote, na kile kijiti kikavu kikavunjika. Sikuishia hapo, na hili sijawahi kulisema. Alipokuwa chini nilimkalia, nikambana mkono ule ule mchangani mpaka nikasikia watu wangu wakipiga kelele za ushindi. Papai lilikuwa limedakwa ng'ambo ya mstari.

Mayowe ya furaha yalikatika moja moja, kila mtu alipogeuka na kuona. Tito alibaki amesimama pale pale, safi, bila mkwaruzo, akigeuza kichwa huku na huku kwa sababu yote yalitokea upande ambao haoni. "Dada," akauliza, "nani analia?"

Nestori alimwita dereva wa bodaboda, wakampakia Jumanne katikati yao kwenda hospitali. Kabla ya kupanda Nestori alisema, bila kunitazama, "Ego, ndiyo, sheria haikatazi." Nadhani alikuwa anajiambia mwenyewe. Mchezo uliishia siku hiyo. Wazazi wa pande zote mbili walikubaliana bila kikao. Wahenga walisema mzaha mzaha hutunga usaha, lakini mimi sikuwa nafanya mzaha.

Kesho yake Bibi Mwamvua alikuja nyumbani na mjukuu wake, mkono umefungwa kwa kanga. Mama alipiga magoti kuomba radhi. Bibi akamwinua, akamsalimia kwa makofi, salamu nzima. Akamsalimia Tito vilevile, akamuulizia jicho lake. Aliponifikia mimi nilikuwa nimekwisha kuinama, viganja tayari. Yeye aliiweka mikono yake mapajani.

"Wewe nitakusalimia kwa mdomo," alisema. "Mikono yako nimeshaijua."

Fimbo zote nilizowahi kuchapwa hazikufikia hapo. Nilitamani anipige.

Sasa nina watoto wangu, na vijana wa mjini wanautazama mchezo ule kwenye simu, wanaume waliovaa magamba wakigongana na kuinuka. Wananiambia ni wa kikatili. Nawajibu kwamba hawajaona. Tito ni fundi simu huko Kigoma mjini. Kwa jicho lile moja anaona waya ambao mimi siuoni hata kwa miwani, na kila nikimtazama ameinamia kazi yake najua kwamba ningerudishwa kwenye jaribio lile la nne, Jumanne mbele yangu na ndugu yangu nyuma, ningefanya vilevile. Aibu yangu iko hapo hasa. Mtu hutubu kosa ambalo asingelirudia. Hili langu sijui kulitubu. Bibi Mwamvua alifariki kabla sijapata neno la kumwambia.

Jumanne anaunda mitumbwi Katonga. Mkono haupandi juu ya bega, ila randa anaisukuma kama kawaida, na ana watoto wanne wenye adabu. Mwezi uliopita nilikwenda kununua dagaa nikamkuta peke yake kando ya mtumbwi mpya. Hatujawahi kugombana wala kuzungumzia siku ile. Nikainama, nikakutanisha viganja, nikamwambia mwakeye. Jumanne aliweka randa chini, akarudi nyuma hatua mbili, akaitazama mikono yangu mpaka ilipotulia, ndipo akanijibu.