Script yangu imefutisha Wafula

Wasee wangu, leo script yangu, kaprogramu nimeandika, imefanya Wafula, mzee wa oda hapa kwetu bakery, afutwe, na yeye hajui ni hiyo.

Bosi aliniambia niandike kitu ya kuua job zote, yaani kazi za kompyuta, zinakaa bure kwa system. Nikaandika. Nikajiona fundi!

Kumbe ile job ya oda za mikate za maduka za mtaa wa Waithaka haikuwa imekaa bure. Ilikuwa inangoja Wafula. Yeye hupigia kila duka simu kwanza, ndio abonyeze "tuma".

Script ikaiua. Oda zote zikapotea, lori zikabaki hapo nje tupu.

Bosi akamfokea, "Mzee, unalala kazini! Chukua jacket uende."

Wafula akanigeukia. "Kijana, si umwambie nilikuwa kwa simu?"

Bosi, mwenye anajua ni script, akanikonyeza.

Nikageukia screen yangu.

Wewe ungesema?