Sampuli Imeshika

Maabarani walimwita Mkulima, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuotesha seli za nyama ya mwili kwenye visahani vya plastiki. Safari hii alikuwa akiotesha uvimbe wa kizazi, ule usio saratani lakini unaomtoa mwanamke damu hadi kizunguzungu. Ukiota, ungejaribiwa dawa humo humo sahanini, ili siku moja watu wapone bila kisu. Shida ni kiburi cha uvimbe huo: tumboni hukua bila kubembelezwa, sahanini husuasua.

Sampuli mbili zilikuwa zimeshakufa. Ya tatu ilikuwa ya mdogo wake wa kike, aliyepasuliwa Jumatatu. Alisaini fomu ya kuutoa uvimbe kwa utafiti akisema, "Umenitesa miaka sita. Nao ukafanye kazi." Ikifa na hii, dada mtu angeuweka wapi uso wake?

Aliikata nyama vipande vidogo kuliko punje za mchele, akazitenganisha seli kwa dawa, akazifungia kwenye kabati lenye joto la mwili. Siku mbili hakugusa kitu, maana seli isiyoshika chini ya sahani hufa ikielea. Siku ya tatu akatia jicho kwenye darubini. Zilikuwa zimejinyoosha, zimeng'ang'ania chini kama kupe.

Akampigia mdogo wake. Simu ikapokewa na mama yao, aliyekuwa akimuuguza.

"Mama, imeshika."

"Mungu mkubwa. Nilijua tu. Ya miezi mingapi?"

"Miezi? Ina siku tatu."

"Siku tatu na umeshajua? Basi usibebe vitu vizito, mwanangu."

Mkulima alicheka hadi akatafuta kiti. Alipoeleza kuwa kilichoshika si mimba bali uvimbe, mama akaguna. "Yaani mwenzio kautoa, wewe unaufuga?"

"Naufuga niijue dawa yake, Mama. Wengine wasikatwe."

Kwa nyuma mdogo wake alikuwa akicheka na kulalamika kwamba mshono unauma.

"Mimi wangu waliutoa pamoja na kizazi chenyewe," mama akasema. "Nilitaka watoto watano."

Miaka yote hiyo mabinti walidhani wako wawili kwa sababu mama alitosheka nao.

"Haya, kata simu," mama akasema. "Nenda kaulishe uvimbe wako."